Mtoto wa Pili wa Sikudhani

Kulikuwa na nchi, na kwa kadiri nijuavyo bado ipo, ambayo jina lake sitalitaja kwa sababu wenyewe ni wepesi wa kukasirika na magereza yao yamekwisha kujaa. Katika nchi hiyo kujifungua kulikuwa bure. Mtukufu Kiongozi ndiye aliyetamka hivyo mbele ya umati, huku akijifuta machozi kwa leso aliyoshikiwa na waziri, na tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyetozwa hata senti moja kwa kosa la kuzaa. Alitozwa kwa mengine tu.

Hayo mengine ndiyo yaliyomkuta Sikudhani. Alikuwa mpimaji wa pamba kwenye kiwanda cha mji wa Mbirizi, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mizani na kuhakikisha kwamba mkulima hakutia mawe ndani ya gunia, wala karani hakutia mkono ndani ya daftari. Miaka tisa ya kazi hiyo ilimfanya asiamini tarakimu yoyote mpaka aione ikitoka kwenye mizani kwa macho yake. Jumanne saa nne asubuhi, katika Hospitali Kuu ya Shukrani, alijifungua mtoto wa kike. Mmoja. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu serikali nzima ilishindwa kulishika.

Siku ya tatu ankara ililetwa wodini. Haikuletwa hivi hivi. Walikuja watu watatu: mmoja amebeba sinia lililofunikwa kitambaa, mmoja wa kusoma na mmoja wa kushuhudia kwamba imesomwa. Kwa kuwa karatasi ilikuwa na nembo ya taifa, mgonjwa alitakiwa kusimama. Sikudhani alisimama, nyuzi zikimvuta, huku Nesi Tegemea akimshika kwapani asianguke.

"Kujifungua: bure!" karani alitangaza kwa sauti ya mshereheshaji wa harusi, na wodi nzima ikapiga makofi, maana hapo kupiga makofi ilikuwa sharti. Kisha akashusha sauti na kuongeza mwendo.

Alitozwa kwa kupandishwa na kushushwa kwa lifti mara mbili, ingawa hospitali ile haikuwa na ghorofa hata moja. Alitozwa umeme wa chumba cha kujifungulia, ambao ulikatika tangu Jumapili, hata Nesi Tegemea akamzalisha huku ameuma simu yenye tochi kwa meno. Glovu zilikuwemo, zile zile ambazo mumewe, Chande, alizinunua kwenye duka la getini, mali ya mke wa mhasibu. Palikuwa pia na ushauri wa kitaalamu, uliotolewa mara arobaini na moja. Sikudhani alipouliza ni ushauri gani, akaambiwa ni neno "sukuma", na kwamba lilihesabiwa na mtu aliyesomea. Chande mwenyewe, fundi baiskeli asiye na makuu, alitozwa "furaha ya baba nje ya saa za kuona wagonjwa" kwa sababu alirukaruka kidogo pale dirishani.

Yote hayo Sikudhani aliyasikiliza akiwa ameuma meno. Wezi wadogo alikuwa amewazoea kazini. Lakini karani akaendelea: "Mtoto wa kwanza, kupokewa, kukatwa kitovu, kufutwa. Mtoto wa pili, kupokewa, kukatwa kitovu, kufutwa, maziwa, chandarua, chanjo, cheti..."

"Rudia hapo," alisema Sikudhani.

"Ankara hairudiwi, mama. Kurudia kuna ada yake."

Jumla ilikuwa mishahara yake ya miezi kumi na mmoja. Theluthi mbili ya fedha hiyo ilikuwa ya mtoto wa pili, ambaye inaonekana alikuwa mtoto wa gharama.

Asiyelipa hakufukuzwa. Nchi ile haikuwa na ukatili huo. Alihamishiwa Wodi ya Wageni Waalikwa, chumba kirefu chenye nondo madirishani, ambako wageni arobaini na watoto wao walisubiri kulipiwa, wawili wawili kwenye kitanda, kila siku ikiongeza deni. Kitanda cha mwisho alikaa Mama Zamda, aliyeingia mle na kichanga. Sasa kichanga hicho kilikuwa mvulana mwenye meno manane, kilijifunza kutembea kwa kushika nondo, na kilimwita mlinzi "baba".

"Unaweza kutoka ukatafute pesa," Mama Zamda alimweleza. "Sheria inaruhusu. Ila mtoto anabaki amana."

"Amana ya nini?"

"Kama vile unavyoweka redio kwa mkopeshaji, mwenzangu. Ukileta hela unamchukua. Mwenzetu mmoja, Halima, alitoka mwezi wa tatu, akamwacha wake. Aliporudi na hela, akaambiwa siku alizochelewa nazo zina bili."

Sikudhani alimtazama binti yake aliyelala, ngumi mbili usoni kama bondia aliyechoka. Aliogopa. Aliogopa kweli kweli, kuliko alivyoogopa uchungu wa kuzaa, kwa sababu uchungu ule alijua una mwisho. Akajiambia kwamba mtoto huyu hatajifunza kutembea kwa kushika nondo, wala hatamwacha hapa awe redio ya mtu.

Kesho yake akaenda kwenye dirisha la Marekebisho, mtoto mgongoni.

Dirisha hilo lilikuwa la Bwana Ligombo, mhasibu, mtu mnene mwenye sauti laini. Mezani kwake palikuwa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, na juu ya kitambaa palikuwa na chupa ya chai. Waya wa kompyuta haukuwa umechomekwa popote.

"Bili yangu ina kosa," alisema Sikudhani. "Nimezaa mmoja, mmeandika wawili."

Bwana Ligombo alitabasamu kwa huruma. "Mama, hii si kazi ya mkono. Kompyuta imesema pacha. Kompyuta haina chuki na wewe."

"Haijawashwa, baba."

"Haijawashwa kwa sababu imeshasema." Akanywa chai. "Hata hivyo, serikali yetu ni sikivu. Lete ushahidi. Mlete huyo mtoto wa pili hapa dirishani, tumwone kwa macho kwamba hayupo, nami nitamfuta papo hapo."

"Nimlete asiyekuwepo?"

"Bila yeye mwenyewe nitajuaje kama hayupo? Watu wanadanganya sana, mama. Juzi amekuja mmoja anasema mume wake amekufa, kumbe kweli amekufa."

Akampa fomu ya kutoridhika, na ilikuwa na ada, na risiti ya ada hiyo ilikuwa na ada nyingine ya karatasi. Sikudhani alivua hereni zake akalipa.

Jioni hiyo, walipokuwa wakianika nepi uani, Nesi Tegemea alimmwagia mtama wote. Alisema kwa kunong'ona, akitazama huku na huku.

"Mdogo wangu, huna mkosi. Ni Mpango. Mpango wa Maendeleo ulisema mwaka huu mji huu utazaa watoto elfu nne. Sasa wanawake hawakuusoma. Wamezaa elfu mbili na kitu tu. Kwa hiyo kila mwezi ukifika tarehe ishirini na tano, ofisi inaanza kutoa pacha. Wewe umejifungua tarehe ishirini na sita."

"Na hayo maziwa? Na chandarua?"

"Vyandarua viko shambani kwa Mkurugenzi, vimefunika miche ya nyanya. Maziwa wanakunywa mbwa wake. Wamenenepa mpaka hawawezi kubweka."

Sikudhani alicheka, kisha kicheko kikamgeukia kuwa hasira, akaikamua nepi mpaka ikakaribia kuchanika.

Fomu yake ilizaa matunda upesi kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu malalamiko yalimaanisha kikao, na kikao kilimaanisha posho. Siku ya saba iliundwa Kamati Ndogo ya Kumtafuta Mtoto wa Pili, wajumbe kumi na mmoja, chini ya Mkurugenzi mwenyewe, Daktari Tukuzeni. Huyu alikuwa na medali tatu za uzazi kifuani, ingawa maishani mwake hakuwahi kumzalisha hata paka. Waliingia wodini wakinukia sambusa.

"Ndugu wajumbe," Daktari Tukuzeni alianza, akitazama dari kana kwamba wajumbe wako huko, "katika zama hizi za sayansi, teknolojia, uwazi na umakini, taifa haliwezi kumvumilia mama anayezaa wawili na kukiri mmoja! Mataifa ya nje yanatutazama. Wahisani wanatutazama. Mtoto mmoja wa taifa hili amepotea, na mtu wa mwisho kuwa naye ni huyu hapa!"

Wajumbe walitoa macho. Sikudhani, aliyekuja kulalamikia kosa, akajikuta mtuhumiwa. Walitafuta chini ya kitanda. Walitafuta kwenye beseni na ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mjumbe mmoja mwenye miwani alifungua mkoba wa Mama Zamda akaangalia ndani kwa muda mrefu, akatoka na biskuti. Kisha wakamgeukia Chande, aliyeitwa kutoka kibandani kwake, mikono bado ina grisi.

"Wewe ndiye baba. Watoto wangapi?"

Chande alitokwa jasho. Alikuwa mtu mwema, lakini mhuri ulimtia homa tangu utotoni. "Waheshimiwa, mimi sikuwemo ndani. Serikali ikisema wawili, mimi ni nani niseme mmoja?" Akamwinamia mkewe sikioni. "Sikudhani, lakini umeangalia vizuri?"

Sikudhani alimtazama kwa jicho ambalo Chande alilikumbuka mwaka mzima. Halafu akawageukia wakubwa. "Naomba daftari la uzito."

Daftari likaletwa, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mpima pamba anaweza kulisoma. Sikudhani akaweka kidole. "Mtoto wa kwanza, kilo tatu na gramu mia moja ishirini, saa nne na dakika sita. Mtoto wa pili, kilo tatu na gramu mia moja ishirini, saa nne na dakika sita. Urefu ule ule. Waheshimiwa, kule kiwandani nimepima magunia miaka tisa. Sijaona mawili yenye uzito mmoja hadi gramu. Yakiandikwa hivyo, huwa tunajua kwamba gunia moja lipo na jingine limeandikwa na karani akiwa amekaa. Hata kuongeza gramu tano mmeona uvivu. Na wote wawili wametoka dakika moja? Kwa mlango upi na upi?"

Wanawake arobaini waliangua kicheko, na safari hiyo haikuwa sharti. Mjumbe mwenye miwani aliacha kutafuna.

Daktari Tukuzeni hakutahayari. Mtu wa medali tatu hatahayari ovyo. Alikubali kwa unyenyekevu mkubwa kwamba ushahidi unaelekea kuonyesha kosa, na kwamba kati ya watoto wawili, mmoja hakuzaliwa. Kamati ikaenda kutafakari ni yupi. Ilitafakari saa tatu, na harufu ya pilau ya tafakari hiyo ikafika wodini.

Waliporudi, uamuzi ulisomwa wote wakiwa wamesimama. Kamati ilikuwa imepitia majalada ya watoto wote wawili bila upendeleo. Jalada la mtoto wa pili lilikuwa kamili: cheti cha kuzaliwa chenye namba, chanjo zote, chandarua, maziwa, na jina, Mpango, ambalo Mkurugenzi alimpa mwenyewe. Tena alikuwa wa kiume, kwa sababu wavulana walikuwa wamepungua kwenye jedwali. Jalada la mtoto wa kwanza halikuwa na kitu. Chanjo hakupata, zilikuwa zimekwisha. Cheti hakupata, karatasi zilikuwa zimekwisha. Jina hakuwa nalo.

"Kwa hiyo," alihitimisha Daktari Tukuzeni, "kwa kuzingatia nyaraka, Kamati imejiridhisha kwamba mtoto aliyezaliwa ni Mpango. Mtoto wa kwanza ni kosa la kiuandishi, na amefutwa leo. Mama, umeshinda! Bili yako imepunguzwa kwa theluthi moja."

Damu ilimpanda Sikudhani kichwani. Alitamani kuchukua beseni ampige nalo mtu yule kwenye medali zake zote tatu. Mtoto mwenye kucha, mwenye vinyweleo mabegani, mwenye kunyonya mpaka anatoa jasho puani, amefutwa na watu waliotoka kula pilau! Wanawake wengine walianza kulia. Chande alikaa sakafuni.

Lakini Sikudhani hakulia, kwa sababu alikuwa bado anausoma uamuzi. Alizoea kusoma karatasi mpaka chini, pale wakubwa wanapochoka kuandika. Akainua uso polepole.

"Nimeukubali," alisema. "Nauliza tu, Mheshimiwa. Sina pesa. Nikitaka kutoka nikatafute, anayebaki amana ni nani?"

"Mtoto wako, bila shaka. Mpango."

"Peke yake?"

"Mama, una mtoto mmoja," Mkurugenzi alisema kwa ukali wa mtu aliyechoka kurudia. "Tumekaa siku nzima kuthibitisha hilo."

"Na huyu niliyempakata?"

Daktari Tukuzeni alimtazama mtoto, akaitazama karatasi, na kama kawaida ya watu wa nafasi yake akaiamini karatasi. "Hakuna mtu hapo."

"Basi niandikieni."

Wakamwandikia, mihuri minne. Kitanda kidogo kikaletwa, tupu, kikafungwa kibao cha jina la Mpango na kuwekewa mlinzi. Bwana Ligombo alitaka mama amkabidhi mtoto rasmi. Sikudhani aliinama, akakitengeneza kiblanketi pale pasipokuwa na kitu, akasema, "Baki salama, baba. Wasikilize wakubwa." Chande, ambaye hakuwa ameelewa vizuri, alibubujikwa na machozi halisi, na mjumbe mwenye miwani akampa leso.

Getini palikuwa na mlinzi mrefu mwenye daftari. "Huyo mtoto ana kibali cha kutoka?"

Sikudhani akampa uamuzi. Mlinzi aliusoma kwa kidole, neno kwa neno. "Inasema hakuna mtoto."

"Ndiyo."

"Lakini mimi namwona."

"Umeona zaidi ya Kamati?"

Mlinzi aliifikiria familia yake, akafikiria na pensheni. Akapekua mkoba wa Sikudhani kwa makini sana, akakamata kipande cha sabuni ya hospitali, akakiandika daftarini na kumwonya kuhusu wizi wa mali ya umma. Mtoto akapita.

Asubuhi iliyofuata, Bwana Ligombo alikuta foleni ya wanawake arobaini mbele ya dirisha lake, Mama Zamda akiwa wa kwanza. Wote walikuwa na malalamiko ya namna moja: bili zao zina upungufu, kila mmoja amezaa pacha na ameandikiwa mmoja. Bwana Ligombo nusura awakumbatie. Lengo la mwaka lilikuwa linamnyima usingizi, na hawa hapa wananchi wenye uzalendo! Aliandika mpaka mkono ukavimba. Wengine aliwapa watatu. Wiki iliyofuata wanawake hao hao, mmoja mmoja, wakalalamika kwamba mtoto amezidi. Kamati ikakaa vikao arobaini vyenye posho, na kila mara, kwa kuzingatia nyaraka, ikamfuta mtoto yule yule aliyekuwa ananyonya. Kazi ngumu ilikuwa moja tu: mvulana wa Mama Zamda alikataa kumwachia mlinzi mguu, akimwita baba, mpaka mlinzi naye akalia.

Wodi ya Wageni Waalikwa ikabaki na vitanda vidogo tu, vyenye majina, vimepangwa mstari. Daktari Tukuzeni alipata medali ya nne.

Nyumbani kwa Sikudhani mambo hayakuwa shwari. Alimpeleka binti yake kliniki akarudishwa bila chanjo, kwa kuwa mtu ambaye hakuzaliwa hawezi kuugua. Chande alijifunza kuogopa upya. Alisikia kwamba kumficha mtu asiyekuwepo ni miaka saba, akaanza kufunga madirisha mchana na kumsihi mkewe amnyonyeshe mtoto kila anapofungua kinywa. Joto la mabati likawapika wote watatu. Hata jina walimwita kwa kunong'ona, Pendeza, wakitazama mlango.

Ndipo siku moja mchana redio ikatangaza ziara. Mtukufu Kiongozi alikuwa ameitembelea Hospitali Kuu ya Shukrani, amepita katikati ya vitanda vile, amegusa viblanketi kimoja kimoja, na sasa anahutubia taifa akiwa pale pale wodini.

"Nimezunguka nchi hii kwa miaka ishirini na sita," ilisema sauti, nzito, yenye kutetemeka kwa hisia. "Kila ninapokwenda, kelele. Maji! Barabara! Dawa! Leo nimesimama mbele ya wananchi hamsini na zaidi, na sikusikia hata mmoja akilia. Hawadai maziwa. Hawaulizi. Wametulia. Ndugu zangu, hili ndilo taifa nililokuwa nikiliota!"

Makofi yakanguruma. Na katikati ya makofi hayo Pendeza akaamka, akakunja uso, akapiga yowe.

Chande aliruka kama aliyeungua. Alikimbilia dirisha la mwisho lililokuwa wazi, akalifunga, akarudi na khanga mkononi. "Mnyamazishe, mke wangu, nakuomba! Majirani watasikia kwamba kuna mtoto!"

Sikudhani alizima redio. Aliinuka, akampita mumewe, akalifungua dirisha lile, kisha la pili, kisha mlango. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

"Mwache alie," alisema. "Huyu ndiye aliyezaliwa."

Na Pendeza akalia mpaka mtaa mzima ukajua kwamba yupo.